Sauti ya Nne Katika Nyumba ya Baba

Baba aliizima redio yake mwenyewe Jumapili moja baada ya chakula cha mchana, akasema kwamba waimbaji wa sauti ya nne wamekufa wote. Kisha akasimama, akashika ukuta, akaingia chumbani mwake na kufunga mlango. Tulidhani amekwenda kupumzika. Hakutoka kula jioni ile, wala hakutoka kesho yake. Tangu siku hiyo sebule, ambayo maisha yangu yote ilikuwa kiti chake kwanza na vitu vingine baadaye, ikabaki ya wageni.

Haikuwa kweli kwamba waimbaji hao wamekufa. Kanda aliyokuwa akiisikiliza ilirekodiwa na kwaya ya kanisa letu, katika mlima ulio juu ya Magunga, enzi ambazo yeye ndiye aliyeiongoza. Baadhi ya walioimba sauti ya nne, ile nzito ya chini inayozibeba nyingine, wangali hai. Mmoja wao ni mdogo wake wa tumbo moja, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya ua wetu wa mkonge, umbali ambao mtu akikohoa huku husikika kule. Lakini huyo baba mdogo alikuwa hatajwi nyumbani kwetu. Waligombana juu ya mstari wa ua huo, nani aliuhamisha na kwa hatua ngapi, na ugomvi ulipofikishwa mbele ya ukoo, baba alisimama akatamka kwamba siku atakapokufa yeye, ndugu yake asikanyage boma lake. Kwetu neno kama hilo halihesabiwi kuwa hasira. Ni hukumu. Ndugu asiyefika kumzika nduguye huishi siku zilizobaki kama mtu aliyemuua. Waswahili husema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Sisi tulilima miaka mingi, na hapakuwa na dalili ya kapu.

Daktari wa masikio tuliyemwona Homa Bay alikuwa ametueleza hali ya baba kwa upole na bila kutudanganya. Sauti za juu zilikuwa zimemwacha: ndege, watoto, wanawake, kengele ya kanisa. Hazingerudi. Zilizobaki ni za chini, nazo angezisikia vizuri kama zamani. Alipewa kifaa cha kuvaa sikioni, akakivaa siku chache, kisha akakitumbukiza katika kikombe kabatini na kusema kinampigia filimbi kama askari wa barabarani. Sauti yangu, ambayo shuleni Migori hunyamazisha darasa langu pamoja na darasa la jirani, kwake ilikuwa mlio wa mbu. Ndugu yangu, mwanamume pekee kati yetu, naye amerithi koo la mama. Tulikuwa watu wawili tunaompigia kelele mzee wetu naye hatusikii, huku kitu kimoja alichoweza kukisikia, besi ya kwaya yake, kimetoweka.

Kilitoweka kwa sababu za kawaida. Spika zake ni masanduku mawili ya mbao, yenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Mama aliyanunua kwa mwalimu mgeni aliyekuwa anahamishwa, akayafumia vitambaa vyeupe vya kuyafunika, na hadi anafariki hakumruhusu mtu kuweka juu yake hata kikombe cha chai. Ndugu yangu alivua kitambaa cha sanduku moja, akang'oa uso wake wa mbele, akatuonyesha koni kubwa ya chini. Ule ukingo laini unaoizunguka na kuishika ulikuwa umeoza. Aliugusa kwa kidole ukamomonyoka kama ukoko mkavu wa ugali. Koni isiyo na ukingo haiwezi kusukuma hewa. Hutetemeka na kukoroma tu.

"Hizi zimekufa, Dada," alisema. "Tuzike tuendelee."

Ndugu yangu anauza vipuri vya pikipiki mjini Migori, na kazi hiyo imemfundisha falsafa moja: kilichoharibika hutolewa, kipya kikaingia. Hatukuwa na ugomvi juu ya hilo pale linapohusu pikipiki. Alitaka kuleta spika mpya, ndefu na nyembamba, ambazo alisema zina kila sauti ndani yake. Mimi nilisema koni ndogo za juu za yale masanduku zilikuwa nzima, na sauti tatu za kwanza zilitoka safi kama zamani. Kilichokosekana ni tabaka la chini peke yake. Basi tabaka hilo likabidhiwe sabufa, sanduku la besi linalojitegemea lenye stima yake na vitufe vyake, nayo masanduku ya mama yaondolewe mzigo yasioweza tena kuubeba. Fundi wa kuzivalisha koni ukingo mpya tulimtafuta Migori hadi Rongo, na kila tuliyemfikia alitaka kutuuzia kitu kizima. Hivyo ndivyo zama zetu zilivyo. Tumesahau kwamba kati ya kutengeneza na kutupa kuna njia ya tatu, nayo ni kusaidia.

"Unamtwika jirani mzigo wa mgonjwa," alinijibu, "halafu unatangaza kwamba mgonjwa amepona."

"Mgonjwa akitua mzigo, huenda akapona."

"Na huenda akawa bado mgonjwa, ila sasa kuna watu wawili wa kulisha." Akatikisa kichwa. "Isitoshe, Dada, wewe hapa ni mgeni. Mgeni hapangi samani."

Alisema kwa utani, lakini utani wa mtu anayejua sheria iko upande wake. Mimi nimeolewa, boma lile si langu kwa desturi, nalo litakuwa lake. Nilinyamaza, wala sikunyamaza kwa sababu nilishindwa. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa tayari ameshasema jambo jingine, zito kuliko spika, na ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Ikifika mwisho wa mwezi na baba bado amejifungia, alisema, atamchukua akaishi naye Migori. Ana chumba cha ziada, sakafu ya vigae, choo ndani. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtoto mwema anavyosema, na ndiyo maana nilishindwa kumkemea. Lakini nimeishi katika nchi hii muda wa kutosha kujua kwamba mzee wa kwetu akiondolewa bomani mwake kwa ajili ya choo cha ndani, mara nyingi hurudi katika gari la maiti, lililofungwa kitambaa chekundu.

Kwa hiyo tulikubaliana. Jumamosi tungekutana nyumbani, yeye na spika zake mpya, mimi na sabufa yangu, tuzijaribu zote mbili. Hakimu awe baba. Akitoka chumbani akaketi, amebaki kwake. Asipotoka, Migori.

Jumamosi ilipofika, pikapu yake iliingia bomani kabla ya jua kuwa kali. Tulibeba vitu vyetu ndani kama watu wa timu mbili wanaotumia uwanja mmoja. Alizisimamisha spika zake kando ya meza, pale pawekwapo kiti cha mgeni. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa, na katika uso wake niliweza kuona picha ya mama ukutani ikiwa imepinda. Mimi niliisukuma sabufa hadi kwenye pembe nyuma ya kiti cha baba. Nilikuwa nimesoma kwamba kuta mbili zinapokutana huongezea besi nguvu, na sakafu yetu ni ya saruji, na mabati yetu hayana dari. Niliyasoma hayo yote kwa makini. Kitabu hakikusema lolote kuhusu mlima.

Spika mpya zilianza. Nitakuwa mkweli: zilikuwa nzuri. Sauti ya kwanza ilimeremeta, maneno yakasikika hata herufi. Ndugu yangu alisimama mikono kifuani kama mtu aliyeijenga kwaya ile kwa mikono yake. Tulisubiri. Mlango wa chumbani haukusogea. Alikwenda akaugonga kwa ngumi, kwa sababu kugonga kwa vidole kulikuwa kazi bure, na baada ya kitambo baba alifungua. Alisimama kizingitini akiwa amevaa sweta, akatazama zile spika kwa muda, akageuza sikio moja, kisha la pili.

"Hawa siwajui," alisema, akafunga.

Ndugu yangu alichomoa nyaya bila kunitazama. "Zamu yako, mgeni," alisema.

Niliziunganisha nyaya za masanduku ya mama, nikarudisha vitambaa vyake, nikaweka kitufe cha sabufa katikati. Niliirudisha kanda mwanzo. Wimbo wa kwanza katika kanda ile ni wimbo wa jioni, wa kuaga siku na kuomba pumziko, na huanza kwa sauti ya nne peke yake kabla ya nyingine kuingia. Kwa sekunde chache nilisikia mvumo wa kanda tu. Kisha kikombe kilichomo kabatini, kile chenye kifaa cha sikioni, kikaanza kulia chenyewe, na saruji ikatetema chini ya nyayo zangu.

Mlango ulifunguka. Baba alitoka peku. Hakututazama. Alikuja akitafuta kwa miguu, kama mtu anayetafuta mahali mkondo wa maji ulipo, mpaka akafika kwenye kiti chake, akaketi, akaweka nyayo zake zote mbili bapa juu ya sakafu.

"Ongeza," alisema.

Ndugu yangu, ambaye alikuwa karibu na kitufe kuliko mimi, akaongeza. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo ila baba, na nilipenda namna alivyofanya: bila kisirani, upesi.

"Ongeza."

Akaongeza tena. Bati moja juu yetu lilianza kupiga kofi. Kifuani mwangu kila neno la sauti ya nne liligonga kabla ya kufika masikioni. Mkono wa kulia wa baba uliinuka kutoka kwenye paja lake, ukabaki hewani, kisha ukashuka na kuwaingiza waimbaji wa sauti ya tatu mahali pao barabara, kwa kidole kilekile kilichonitisha nilipokuwa mtoto katika safu ya mbele. Ndugu yangu aligeukia ukuta. Mimi niliyatazama masanduku ya mama. Hayakukoroma tena. Yalikuwa yakifanya kazi yanayoiweza, na hilo lilinitosha.

Ndipo nilipomsikia mwanamke wa kwanza.

Mwanzoni nilidhani yumo ndani ya kanda. Ilikuwa sauti ndefu, ya juu, inayopanda na kukatika, ambayo baba kamwe asingeisikia. Ikaja ya pili, kutoka upande mwingine wa mlima, na ya tatu karibu zaidi. Niliangalia dirishani, halafu nikamwangalia ndugu yangu, nikaona naye ameelewa.

Migori besi hutoka katika kila kinyozi na kila duka la simu, na hakuna anayegeuza kichwa. Sisi wawili tumelala, tumekula na tumelea watoto juu ya besi hiyo. Lakini mlimani kwetu hakuna baa wala duka la simu. Besi inayotikisa bonde huja kwa njia moja tu: masanduku makubwa ya kukodi, yaliyopandishwa kwa trekta pamoja na hema na viti, wakati mtu amefariki. Na wimbo unaopigwa kwanza ni wimbo uleule wa jioni, wa kuomba pumziko. Mzee mgonjwa ambaye haonekani nje tangu mwanzo wa mwezi; pikapu ya mwanawe iliyoingia asubuhi; binti aliyetoka Migori; kisha ardhi yote inavuma wimbo wa kuaga. Hakuna mtu mwenye akili timamu katika mlima ule ambaye angefikiri jambo jingine.

Ndugu yangu alinyoosha mkono kuzima. Niliukamata.

"Ukizima atarudi chumbani," nilimwambia.

"Nisipozima watafika hapa wote."

"Basi wafike kwangu kwanza. Mwache amalize wimbo."

Alinitazama kama mtu aliyeombwa kushika mlango wa nyumba inayoungua. Lakini aliuondoa mkono wake. Baba alikuwa amefumba macho, kidole chake bado hewani.

Nilitoka nje. Wanawake walikuwa wameshapita lango, leso zimefungwa viunoni, mikono vichwani, wanalia kilio kile tunachokiita nduru, na nyuma yao walikuja wengine wakishuka kwenye vijia vyote. Nilisimama katikati ya uwanja nikainua mikono, nikasema kwa sauti ninayoitumia katika gwaride la shule: baba yuko hai. Yuko ndani, ameketi, anasikiliza redio. Mama mmoja mzee, jirani aliyenibeba nikiwa mchanga, alinikumbatia na kunilaza kichwa begani mwake. Aliwaambia wenzake kwa huzuni kubwa kwamba msiba umemvuruga mtoto huyu akili. Nyuma yangu kuta zilikuwa zinaimba kwamba ndivyo ilivyo.

Kisha nikasikia mkonge ukivunjika.

Baba mdogo hakupita langoni. Alikuja moja kwa moja kutoka kwake, akaupasua ua katikati, pale pale penye kesi, akatokeza upande wetu shati limechanika na damu inamtoka kwenye muundi. Ni mzee naye. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alikimbia hadi mwisho wa chini wa uwanja, akageuka, akakimbia tena hadi juu, kama wanaume wa kwetu wanavyofanya wanapofika kwenye kifo, akimwita ndugu yake kwa majina ya sifa ambayo walipewa wakiwa vijana na ambayo hakuna mtu mwingine aliyeyakumbuka tena. Aliita kwa sauti ile ya kwenye kanda, isipokuwa sasa ilikuwa imepasuka.

Nilipima hatari kama mtu anavyopima moto. Mzee aliyehukumu mbele ya ukoo kwamba ndugu yake asikanyage hapa alikuwa ndani, nyuma ya ukuta mmoja. Alikuwa bado hajajua kwamba boma lake limekanyagwa. Kwetu pia si jambo dogo mtu kuliliwa akiwa hai; wapo waliopewa habari hiyo wakaiamini, wakageukia ukutani na kufa kweli. Nilifikiri nimsukume baba mdogo arudi alikotoka kabla hajaonekana. Nilifika mbele yake, nikamshika mikono miwili, nikamwambia tena neno lilelile. Aliniangalia asinione. Hapakuwa na njia nyingine. Niligeuka nikamwashiria ndugu yangu dirishani, naye akazima.

Wanawake walikatiza kilio mmoja baada ya mwingine. Tuliusikia mguu wa kiti ukisogea ndani, na baba akatokea barazani, peku, amekasirika.

"Nani amezima?" aliuliza kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia. Ndipo akawaona watu waliojaa uani mwake, leso, machozi, vumbi. Akatazama kila mahali. "Nani amekufa?"

Yule mama mzee alianza kusema jambo, kwa sauti nyembamba, baba akatikisa kichwa kwa kukereka. Ndugu yangu alimkaribia akamwambia sikioni, kwa nguvu zake zote, kwamba ni makosa tu, Baba, watu wamekosea. Baba alimsogeza kando kwa kiganja.

"Tulisikia ni wewe," alisema baba mdogo.

Hakupaza sauti. Alikuwa amesimama karibu na ghala, mbali na baraza, anahema, na maneno yale yalimtoka kifuani kama yalivyomtoka wakati wote anapozungumza: chini kabisa. Baba aligeuka upande wake papo hapo. Tulikuwa tumepiga kelele tangu mwaka uliopita, na hapa alikuwa ameitwa kwa sauti ya mazungumzo, akaitika.

"Umesema nini?"

"Nimesema tulisikia ni wewe, Omera."

Omera, kwa Kijaluo, maana yake ni "ndugu yangu". Neno hilo halikuwa limevuka ua ule kwa miaka mingi. Nilimwona ndugu yangu mwenyewe akishika nguzo ya baraza.

"Nilikukataza kuja," alisema baba.

"Ulinikataza."

"Mbele ya ukoo."

"Mbele ya ukoo," alikiri baba mdogo. Alijifuta pua kwa mkono. "Lakini ulikuwa umekufa. Ungenizuiaje?"

Mwanamke mmoja alicheka ndani ya leso yake, akakohoa ili kuificha. Baba hakucheka. Alishuka ngazi moja, kisha ya pili, polepole, na watu wakampisha. Nilimfuata kwa karibu kwa kuwa sikujua kama mkono wake ungeinuka. Alisimama mbele ya mdogo wake. Alitazama shati, akatazama muundi unaotoka damu, akafuata kwa macho matone kwenye vumbi hadi kwenye tundu lililokuwa limefunguka katikati ya mkonge.

"Umepita wapi?"

"Pale."

"Pale si njia."

"Leo imekuwa."

Baba aliliangalia tundu lile kwa muda mrefu. Sitadai kujua alichokuwa akifikiri. Nimesoma vitabu vingi ambavyo waandishi wake hujua kilichomo moyoni mwa kila mzee, na sijawahi kukutana na mzee wa namna hiyo. Najua tu kwamba upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa mbuga, kwamba hakuna aliyesonga, na kwamba hatimaye alinigeukia mimi, siyo yeye.

"Nyara," aliniita, yaani binti yangu, "jikoni kuna nini?"

Nilimwonyesha kwa vidole: kidogo. Nyoyo ya jana, mahindi na maharagwe, na unga.

"Aliyekuja msibani haondoki bila kula," alisema. "Hata kama maiti ni mkaidi. Chinjeni."

Ndugu yangu aliwakimbilia majogoo. Wale wanawake waliokuja kumlilia mzee waligeuka wapishi mle mle uani, leso zao zikiwa bado zimefungwa kwa ajili ya matanga, na mzaha ukaanza, kwanza kwa kunong'ona, kisha wazi. Mmoja aliuliza machozi yake atayarejesha vipi. Mwingine alimwambia kwamba ayahesabu kuwa ya mkopo, siku itakuja. Nilimwosha baba mdogo muundi kwa maji ya chumvi. Hakutaka kuingia ndani. Aliketi ukingoni mwa baraza, nusu ya mwili wake bado imeelekea kwake.

Baba alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Kutoka pale, kupitia mlango ulio wazi, alimtazama mdogo wake kisogo. Kisha akaelekeza fimbo yake kwenye zile spika ndefu zinazong'aa, zilizosimama mahali pa kiti cha mgeni, na kumtazama mwanawe. Ndugu yangu alifuta manyoya mikononi, akaikumbatia spika moja, akaitoa hadi kwenye pikapu, akarudi akaichukua ya pili. Alipopita karibu nami alisema, bila kisirani, kwamba zitapendeza sana sebuleni kwake. Kisha akaleta kiti, akakiweka pale.

Baba mdogo aliingia. Aliingia ubavu ubavu, kama mtu anayepita katikati ya mkonge, akaketi juu ya ukingo wa kiti. Nilikishusha kitufe cha sabufa mpaka kikombe cha kabatini kikanyamaza na mlima ukaachwa kwa amani, nikaianzisha kanda. Walisikiliza bila kutazamana. Mahali fulani katika ubeti wa pili baba mdogo alikunja uso.

"Hapo nimekosea," alisema.

"Ulikosea kila Jumapili," alijibu baba. "Ulikuwa unaingia kabla sijashusha mkono."

"Mkono wako ulikuwa mzito."

"Na masikio yako?"

"Angalau yangu bado yapo."

Ndugu yangu, aliyekuwa ameshika sinia ya nyama, alisimama katikati yao. Nilijua angeuliza, kwa sababu ni mtu wa kumaliza jambo alilolianza. Aliinama akapiga kelele: "Baba, na Migori? Mwisho wa mwezi?"

Baba alimtazama midomo, akashindwa kuisoma, akamgeukia aliyeketi kando yake. "Huyu anasema nini?"

"Anataka kukuhamisha kwake Migori," alisema baba mdogo, kwa sauti yake ya chini ya kila siku.

Baba alichukua kipande cha nyama, akakitafuna, akakimeza. Ua bado haujarudishwa mahali wanapokubaliana, hata leo ninapoandika. Tundu lile limekanyagwa likawa njia, na kila mmoja wao anadai njia iko upande wake. Lakini jibu lake la siku ile halijabadilika.

"Mwambie nimeshaliliwa hapa," alisema. "Maiti hahamishwi." Kisha akanyoosha kidole chake cha kwaya kuelekea redio. "Rudisha mwanzo," aliniambia, akamgeukia mdogo wake. "Na safari hii ungoje mkono wangu."